Mbao za mwaloni kwenye mtumbwi? Puliza kwanza

Mkuu, umeuliza kama mbao nne za mwaloni ulizobomoa kwenye meza ya mzungu aliyehama Capri Point zinafaa kufungia viti vya mtumbwi. (Watu wa Kirumba msichanganye, huu ni mwaloni mti, "oak" kwa Kiingereza, sio soko la dagaa la Mwaloni hapa Mwanza.)

Mimi ni seremala Nyakato, mikono yangu imezoea mninga na mvule. Mwaloni nimeushika mara moja tu na ukanitia aibu.

Kwanza jua una upi. Inayouzwa sana kutoka Marekani ni mweupe na mwekundu, na rangi itakudanganya, hasa mbao ikishapigwa vanishi. Kata kipande cha urefu wa kidole kwa kufuata nyuzi, chovya ncha moja kwenye maji ya sabuni, puliza ncha ya pili. Povu likitoka, ni mwekundu. Vitundu vyake viko wazi kama mrija, kwa hiyo maji ya ziwa nayo yatapita humohumo. Huo tengenezea kabati la ndani. Mweupe vitundu vya kiini chake huziba vyenyewe mti ukiwa bado unakua, ndiyo maana wenzetu hutengenezea mapipa ya mvinyo, na zamani waliundia meli.

Wangu haukutoa povu, nikajiona nimemaliza kazi. Nikagonga misumari ya kawaida. Masika yalipoanza, kila msumari ukazungukwa na doa jeusi lenye ubluu, kama mtu kamwaga wino. Mwenye mtumbwi akaja juu, anasema nimempa mbao zilizooza. Kumbe mwaloni una tanini nyingi, ile kemikali ya asili iliyomo ndani ya mbao, ikikutana na chuma na unyevu inageuka nyeusi, na msumari wenyewe unaliwa. Nilisugua kwa limau, doa likafifia tu, halikuisha. Misumari yote niling'oa kwa gharama yangu.

Weka skrubu za stenlesi, na toboa kwa drili kabla ya kufunga, vinginevyo ubao utapasuka mwishoni. Noa randa mara kwa mara pia. Mwaloni mweupe uliokauka una kama kilo 750 kwa mita ya ujazo, ukitoka kwenye mninga utausikia mabegani.

Mkuku, yaani boriti ya chini ya mtumbwi, na mbao zinazolala majini waachie mvule. Ukishapuliza, leta majibu hapa na picha ya kichwa cha ubao, pale ulipokatwa.