Vipimo Sahihi, Koti Halijakaa: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Suti na Viatu

Nilipimwa mwili mzima, suti ikashonwa kwa vipimo hivyohivyo, lakini nikiivaa kola ya koti inaachana na shingo. Fundi anashikilia kuwa vipimo ni sahihi. Kosa liko wapi?

Inawezekana kabisa vipimo ni sahihi. Futikamba hupima kifua kina sentimita ngapi, haipimi unavyosimama. Watu wawili wenye kifua cha sentimita 100, mmoja akitembea kifua mbele na mwingine akiwa na shingo iliyoinama kwa miaka ya kukaa mezani, hawawezi kukaliwa na koti moja. Mgongo ulioinama unahitaji kitambaa kirefu zaidi nyuma. Kikipungua, mgongo unalivuta koti: kola inaondoka shingoni, pindo la nyuma linapanda, mpasuo unaachama. Kwa mtu wa kifua mbele mambo hugeuka: sehemu ya mbele ndiyo inayokuwa fupi, na chini ya kifungo koti linafunguka kama pazia.

Jitazame kwa ubavu kwenye kioo, mikono ikining'inia, bila kujikakamua. Ukijinyoosha kwa ajili ya fundi, utashonewa suti ya mtu mwingine. Pindo liwe sawa mbele na nyuma, kola ilalie shati pande zote, na nyuma ya shingo shati lichungulie kwa sentimita 1 hadi 1.5.

Tazama pia mikunjo. Mkunjo wa kulala chini ya kola, mgongoni, kwa kawaida unaonyesha kuwa mabega yako yamenyooka kuliko ya koti. Mikunjo ya mshazari inayoshuka kuelekea kwapani inaonyesha mabega yaliyoteremka. Ikiwa upande mmoja tu, bega hilo liko chini kuliko lingine, jambo la kawaida sana. Fundi huongeza pedi upande huo au hukata pande mbili tofauti.

Koti lililokwisha kumalizwa huweza kufunguliwa kola na mabega likasogezwa, ila mwisho wa marekebisho ni akiba ya kitambaa iliyoachwa ndani ya mshono. Ndiyo maana koti hujaribiwa likiwa bado limepigwa bandi, yaani limeshikizwa kwa mishono ya muda. Fundi anayekukabidhi koti lililokamilika siku ya kwanza ya kujaribu amecheza kamari, na dau ni lako.

Dukani nimepata koti zuri, lakini si saizi yangu kamili. Nini kinarekebishika?

Anza na mabega, na kama hayakai, liache koti hapohapo. Mshono wa bega uishie pale mfupa wa bega unapoishia. Egemea ukuta kwa ubavu: pedi ikigusa ukuta kabla ya mkono wako, koti ni pana. Kubadili mabega ni kung'oa mikono, pedi na kola, kazi inayokaribia kushona upya.

Kiuno cha koti hupunguzwa bila taabu. Kukiongeza kunategemea akiba, kwa hiyo pindua koti upapase mishono chini ya bitana. Mikono hufupishwa kirahisi ikiwa vifungo vya mkononi ni vya pambo tu. Vikiwa na matundu yanayofunguka kweli, kufupisha lazima kuanzie begani, na gharama inapaa. Urefu mzuri wa mkono huacha sentimita 1 hivi ya kafu ya shati ionekane. Urefu wa koti lenyewe usiuguse zaidi ya sentimita 2, la sivyo mifuko itaonekana imeteremka karibu na pindo.

Suruali ni rafiki zaidi, kwani mshono wa nyuma mara nyingi umebakiziwa sentimita kadhaa za kuachia.

Muuzaji ananisukuma nichukue kitambaa cha Super 150. Je, kweli ni bora kuliko Super 110?

Ni chembamba zaidi. Ubora ni hesabu nyingine. Namba hiyo hupima unene wa unyuzi wa sufu: Super 110 usizidi maikroni 18.25 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), Super 150 usizidi 16.25. Unyuzi mwembamba ni laini mkononi, lakini hujikunja haraka, huchakaa mapema mapajani na makalioni, na hauvumilii pasi ya kila wiki. Suti ya kazini itadumu zaidi ikiwa kati ya Super 100 na 120.

Uliza uzito kabla ya kuuliza Super. Gramu 240 hadi 270 kwa mita zinafaa mahali pa joto, hasa zikifumwa kwa uwazi wa kupitisha hewa. Gramu 280 hadi 320 huning'inia vizuri zaidi na mikunjo hujiachia yenyewe suti ikitundikwa usiku. Watu wengi huchagua chepesi mno, kisha wanailaumu pasi.

Nitajuaje kama koti limebandikwa kwa gundi?

Mbele ya koti, kati ya kitambaa cha nje na cha ndani, huwa na tabaka linalolipa umbo: ama kanvasi iliyoshonwa, ama kitambaa kilichobandikwa kwa gundi. Chini ya tundu la kifungo cha mwisho, finya kitambaa cha nje kwa vidole na kile cha ndani kwa vidole vya mkono mwingine, uvivute viachane. Ukihisi tabaka la tatu likielea katikati, kuna kanvasi iliyoshonwa. Ukihisi mawili tu, na la nje ni gumu kidogo, ni gundi. Rudia jaribio kifuani, pale ukosi wa koti unapopinduka, kwa sababu makoti mengi yana kanvasi hapo juu tu na gundi chini. Huo ni mchanganyiko unaostahili pesa yake. Gundi tupu hushindwa kwa joto, mvuke na kemikali za dobi: inaachia sehemu sehemu, kitambaa kinavimba mapovu, na hakuna pasi itakayoyarudisha.

Viatu vyangu vipya vya kamba vinabana juu ya wayo, ila vidoleni vina nafasi. Je, vitaachia?

Ngozi hutanuka kwa upana kidogo. Kwa urefu haitanuki. Muuzaji anayesema "vitaachia tu" mwulize vitaachia wapi.

Tazama pengo la kamba. Kwenye oksfodi, yaani kiatu ambacho pande mbili za kamba zimeshonewa chini ya ngozi ya mbele, pengo la nusu sentimita hadi moja ni zuri kiatu kikiwa kipya. Likizidi sentimita 2, wayo wako umeinuka juu kuliko kalibu ya kiatu hicho, yaani umbo la mguu kilichoshonewa juu yake. Chukua dabi, ambacho pande zake hufunguka huru. Pengo likifungika kabisa siku ya kwanza, kataa, maana ngozi ikilegea hutakuwa na pa kukaza.

Nafasi ya vidole nayo inadanganya. Kipimo cha maana ni kiungo cha shina la dole gumba la mguu: kikae sambamba na sehemu pana kuliko zote ya kiatu, pale kinapojikunja ukitembea. Kikiwa nyuma yake, kiatu ni kirefu mno, kisigino kitapanda na kushuka. Jaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, ukiwa umesimama na kuvaa soksi utakazotumia, na ufuate mguu mkubwa. Namba za Uingereza na za Ulaya bara hazilingani sawasawa, kwani kutoka namba moja hadi inayofuata, za Uingereza huongezeka milimita 8.5 hivi na za Ulaya bara 6.7. Jedwali la ubadilishaji ni makisio.

Suruali iishie wapi?

Pindo jembamba ligusie tu kiatu. Pindo pana linaweza kushuka hadi juu ya kisigino, likiwa refu kidogo nyuma. Lipimwe ukiwa na viatu vya suti hiyo na mkanda mahali pake.

Kola ya shati inanikaba baada ya kufuliwa mara chache.

Pamba husinyaa, mara nyingi asilimia 2 hadi 3, na kwenye kola ya sentimita 40 hiyo ni karibu sentimita moja. Shati jipya lipitishe vidole viwili kolani, si kimoja. Hilo ulilonalo, fundi akusogezee kifungo.