Sanamu ya Vishnu iliyo chini ya bwawa la Kanchipuram

Umeuliza kama sanamu ya jiwe ya Vishnu, mungu wa Kihindu, hutolewa majini Kanchipuram kila miaka 12. Hapana, si kila miaka 12, na si ya jiwe. Sanamu hiyo, iitwayo Athi Varadar, ya hekalu la Varadharaja Perumal, Kanchipuram, jimbo la Tamil Nadu, India, hutolewa majini kila baada ya miaka 40. Ilitoka 1979, kisha 2019, tarehe 1 Julai hadi 17 Agosti: siku 48, kwanza ikiwa imelazwa, mwishoni ikasimamishwa. Halafu ikarudishwa chini ya bwawa la Anantha Saras. Nadhani hiyo 12 imetoka kwenye Kumbh Mela, tamasha kubwa la Wahindu la kuoga mtoni ambalo ndilo la kila miaka 12.

Jina lenyewe linakujibu kuhusu jiwe: "athi" kwa Kitamil ni mti wa jamii ya mkuyu. Masimulizi yanasema Brahma, mungu muumbaji wa Wahindu, alifanya tambiko la moto pale, Vishnu akamtokea, na sanamu ya kwanza ikachongwa kwa mti huo. Ile inayoabudiwa ndani ya hekalu kila siku ndiyo ya jiwe, kwa hiyo naelewa watu wanapochanganya. Ila kwa nini ya mti ilifichwa majini, hapo simulizi ni zaidi ya moja, usishike moja tu.

Ukienda, usikose sanamu za mijusi wawili kwenye dari ya hekalu, mmoja wa dhahabu, mmoja wa fedha. Inasemekana walikuwa wanafunzi wa mtawa Gautama, wakamletea maji yenye mjusi ndani, akawalaani. Mahujaji huwagusa wakiomba kuondolewa dhambi. Hao huhitaji kusubiri hadi 2059 kuwaona.