Maswali ya Wasomaji: Milingoti na Maji ya Bondeni

SWALI: Ndugu Mhariri, marehemu baba alituachia ekari tano za mteremko hapa Njombe, na chini yake lipo bonde lenye chemchemi ambako mama analima vinyungu, yaani bustani za bondeni. Kaka yangu anataka tupande milingoti kuanzia juu hadi bondeni, kwa kuwa wanunuzi wa nguzo wanafika wenyewe hadi shambani. Jirani wa ng'ambo alifanya hivyo miaka kumi na zaidi iliyopita, na sasa wanawe wanakuja kuchota maji kwetu. Mama anasema mti huu unakunywa maji. Kaka anasema hayo ni maneno ya wazee. Tumsikilize nani?

JIBU: Ndugu msomaji, mama yako anasema kweli, ingawa kaka yako naye hajakosea kuuona mti huu kuwa ni mali. Mlingoti, ambao wengine huuita mkaratusi, una aina zaidi ya 700, nyingi zikiwa na asili ya Australia, na huku kwetu ulienezwa tangu enzi za ukoloni kwa sababu ile ile inayomvutia kaka yako: unakua haraka. Kuni huweza kupatikana kwa miaka mitano hivi, mirunda ya kujengea muda mfupi baadaye, na nguzo za umeme kwa takribani miaka kumi, kutegemea aina, udongo na mvua. Ukishakatwa, kisiki huchipua chenyewe bila mkulima kununua miche mingine. Nchini Kenya viwanda vingi vya chai hukausha majani kwa kuni zake, na kila gogo linalotoka katika shamba la mtu ni gogo ambalo halikukatwa katika msitu wa asili. Kwa hiyo sikubaliani na wanaoulaani mti huu popote wanapouona.

Kuhusu maji, watu wengi huchanganya mambo mawili. Tukipima maji yanayotumika kuotesha kilo moja ya mti, mlingoti si mharibifu kuliko miti mingine mingi. Lakini huotesha kilo nyingi mno kwa muda mfupi, haupukutishi majani wakati wa kiangazi, na mizizi yake huyafuata maji chini kabisa, mahali ambapo mizizi ya nyasi na mahindi haifiki. Huko Mokobulaan, Afrika Kusini, mwaka 1969 watafiti walipanda aina ya mlingoti iitwayo Eucalyptus grandis katika bonde dogo lililokuwa la nyasi, wakaendelea kupima maji ya kijito chake. Mwaka wa tisa kijito kilikauka kabisa. Miti ilikatwa ilipofikisha umri wa miaka 16, lakini ilipita miaka mingine mitano kabla kijito hakijarudia kutiririka mwaka mzima. Miaka hiyo mitano ndiyo ninayomwomba kaka yako aitafakari, kwa sababu wengi hupanda wakiamini kwamba maji yakipungua watakata miti, nayo chemchemi itarejea msimu unaofuata.

Udongo nao una madai yake. Ingieni katika shamba la jirani yenu mchana wa kiangazi, mfukue kidogo kwa jembe: mtakuta majani makavu yamelaliana, yanayovunjika kwa sauti, na chini yake udongo mkavu usio na nyasi za kutosha kuuzuia mvua kubwa ikija. Majani hayo yana mafuta, huoza polepole na hushika moto upesi. Mkipanda mahindi karibu, mistari ya pembeni itadumaa.

Ushauri wangu ni kwamba mpande milingoti sehemu ya juu tu, tena msiifunike yote, kwani hata miti iliyo mbali na chemchemi hupunguza maji yanayoteremka kwake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka kingo za mito dhidi ya shughuli zinazoweza kuhatarisha mazingira. Kuzunguka chemchemi pandeni miti rafiki wa maji, kama mivengi na mikuyu, na vinyungu vya mama vibaki mahali pake.

SWALI: Mimi niko Murang'a, na mikaratusi yangu tayari iko ukingoni mwa mto. Je, niing'oe?

JIBU: Mwaka 2009 waziri wa mazingira wa Kenya wakati huo, John Michuki, aliagiza mikaratusi iondolewe katika kingo za mito na maeneo oevu, na agizo hilo lilikuwa na msingi. Hata hivyo, usichimbue visiki, kwa sababu mizizi iliyokufa itaendelea kuushikilia ukingo kwa muda wakati miti mipya inakua. Kata miti chini kabisa, karibu na ardhi, ubandue gome la kisiki lote hadi kwenye udongo, kisha upite kila baada ya wiki chache kuyavunja machipukizi yakiwa bado mekundu na laini. Ukiyaacha msimu mmoja tu, yatakushinda kimo. Huku ukifanya hivyo, panda mianzi au mikuyu katikati ya visiki mvua zinapoanza, usisubiri visiki vife kwanza.