Kabla Hujailaumu Kolajenasi

Juzi kijana mgeni wa maabara yetu alinijia na kisahani mkononi, uso umemsawijika. "Mwalimu, zimekuwa duara tena." Nikachungulia kwenye hadubini. Seli ya misuli ya moyo uliokomaa, ikiwa hai, ni ndefu, pembe zake kali, na ina michirizi ya kukingama utadhani kikoi. Ikifa hujikunja. Mbele yangu palijaa gololi.

Kazi yetu ni kuutenganisha moyo wa panya uwe seli moja moja zilizo hai, na alitaka nimwambie aagize kolajenasi ipi. Nami nilianzia hapo hapo, nikala miezi. Kimeng'enya hicho ndicho kinachoyeyusha nyuzi zinazozishikanisha seli, na ni kweli kila shehena ina nguvu yake, lazima uipime upya. Ila mkosaji wangu hakuwa kolajenasi.

Mkosaji wa kwanza alikuwa maji. Sisi wa Mombasa tunayajua maji ya kisima: birika baada ya wiki mbili lina ukoko mweupe. Ukoko ule umejaa kalsiamu, na mimi chupa zangu nilikuwa nikiziosha kwa maji hayo hayo, kisha nasuuza juu juu. Maji ya dawa ya kuusafishia moyo, niliyoyaandika "bila kalsiamu", yalikuwa nayo. Dalili ilikuwa mbele ya macho: bila kalsiamu moyo haudundi, ila wa panya wangu uliendelea kudunda pale ulipopaswa kunyamaza. Suuza mara tatu kwa maji yaliyosafishwa ya maabara, au tumia chupa za plastiki zisizoguswa na bomba.

Wa pili, kiyoyozi. Oskar Langendorff alionyesha mwaka 1895 kwamba moyo uliotolewa kifuani unaweza kulishwa kwa kusukuma maji kinyumenyume kupitia aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni. Vali, kile kilango cha kuingilia aota, inajifunga, maji yanaingia kwenye mishipa ya moyo wenyewe. Nami hufanya vivyo hivyo. Mtambo wangu wa kusukumia maji ulisoma nyuzi 37, nikaridhika. Siku niliyoweka kipimajoto kwenye ncha ya mrija nikakuta 33, kwa sababu mpira wa kupitishia maji ulipita chini ya upepo wa kiyoyozi. Pima pale moyo unaponing'inia. Na mrija usiupitishe ndani ya vali, wala usiruhusu hata kiputo kimoja cha hewa. Heparini mpe panya mapema, damu isije ikagandia mishipani. (Kibali cha kutumia wanyama, bila shaka, unacho tayari.)

Sasa palipo na roho ya kazi: kuirudisha kalsiamu. Seli zilizokaa bila kalsiamu ukizimwagia yote kwa mpigo zinajikaza mpaka zinakufa. Aliyefunga kutwa humpi biriani kwanza. Unampa tende na maji. Mimi huanza na mikromoli 100 hivi kwa lita, nikapanda hatua nne au tano mpaka karibu milimoli 1, dakika tano kila hatua. Yule kijana alikuwa akiruka hatua mbili ili awahi feri ya Likoni.

Kuzikuza ni neno la heshima tu, maana seli hizi hazigawanyiki kama za ngozi. Unazitunza. Paka kisahani laminini, protini ya kuzinatisha seli, ziache zishike kwa saa moja hivi, kisha ondoa zilizokufa taratibu kwa pipeti. Wengine huongeza dawa iitwayo blebistatini ili zisijikaze. Ukiitumia iepushe na mwanga wa buluu, huigeuza sumu. Majaribio ya mikazo yafanye siku hiyo hiyo. Kadiri siku zinavyopita michirizi hufifia na umbo hulegea, usijidanganye kwamba bado ni seli ile ile.

Alhamisi alirudia, hatua zote. Nusu hivi zilitoka ndefu. Akapiga picha kwa simu kupitia lenzi ya hadubini, akamtumia mamake. Jibu likaja kabla hajavua glavu: "Huo mchele wa wapi, mbona haujapepetwa?"