Nyanya za kwenye maji, ndani ya nyumba

Mkuu, umesema nyanya zako za uani zinanyauka kila msimu, sasa unataka uhamie haidroponiki, yaani kulima kwenye maji bila udongo, sebuleni, na umeuliza kama unaweza kung'oa miche ileile ukaitia kwenye maji. Usiing'oe aisee, mizizi itakuja na ule ugonjwa wa mnyauko kutoka kwenye udongo. Anza na mbegu upya kwenye kokopiti (makumbi ya nazi yaliyosagwa), nyanya ndogo za cheri ndo rahisi zaidi.

Watu wanahangaika na maji wakati ishu kubwa ni mwanga na joto. Dirisha peke yake halitoshi, nyanya inataka taa za LED kama saa 14 hadi 16 kwa siku, so piga kwanza hesabu ya umeme wa luku. Halafu joto letu la Januari hapa Dar, usiku likigoma kushuka maua yanapukutika tu hata uweke mbolea gani, na maji kwenye ndoo yakipata joto hewa inapungua mizizi inaanza kuoza, inakuwa ya kahawia na inateleza, ndo maana unahitaji kapampu ka hewa kama ka kwenye tanki la samaki, na umeme ukikatika ukoroge kwa mkono.

Mbolea ya kalsiamu usiichanganye ikiwa nzito, yaani kabla ya kuizimua na maji, na mbolea zenye salfeti, inaganda chini kama chaki. pH ya maji (kipimo cha uchachu wake) iwe 5.5 hadi 6.5. Maua yatikise kila asubuhi maana ndani hamna upepo.

Ila mimi ningekuwa wewe ndoo ningeziweka barazani, jua la bure lile.