Umepiga Windows upya na kompyuta inasumbua? Usifomati tena

Malalamiko baada ya kupiga Windows upya hayana mapya: Wi-Fi haionekani, sauti haitoki, maandishi kwenye skrini yamevimba, tachipedi imekufa. Wengi hapo hufomati mara ya pili, au huambiwa dukani kwamba kadi ya Wi-Fi imeungua na kuuziwa nyingine. Kufomati hakuunguzi kadi. Kama kifaa kilikuwa kinafanya kazi kabla ya kufomati, kilichopotea karibu kila mara ni draiva (programu inayoiwezesha Windows kukitumia kifaa) au mpangilio fulani, na vyote viwili vinatafutika bila kugusa diski tena.

Pa kuanzia ni Device Manager, orodha ya Windows ya vifaa vyote vya kompyuta. Bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya Start, uichague kwenye orodha, kisha angalia vifaa vyenye alama ya njano. Fungua kimoja na usome namba iliyoandikwa kwenye kisanduku cha Device status. Code 28 maana yake draiva haijawekwa kabisa. Code 10 ni kwamba draiva ipo lakini kifaa kimeshindwa kuanza, na mara nyingi hiyo ni draiva isiyo yake. Code 43 ni kifaa chenyewe kimeripoti hitilafu, na hapo ndipo kuna haki ya kushuku kifaa, ingawa kwenye kadi za picha hata draiva mbovu huleta namba hiyo hiyo.

Usitafute draiva kwa jina la kubahatisha. Kwenye dirisha hilo hilo la kifaa ingia Details, kwenye Property chagua Hardware Ids, na utaona mstari kama huu:

PCI\VEN_10EC&DEV_C821

Herufi zinazofuata VEN zinamtaja aliyetengeneza: 8086 ni Intel, 10EC ni Realtek, 14E4 ni Broadcom, 168C ni Qualcomm Atheros, 14C3 ni MediaTek, 10DE ni NVIDIA, 1002 ni AMD. Zinazofuata DEV ni kifaa chenyewe. Mstari huo ni kadi ya Wi-Fi ya Realtek RTL8821CE. Laptop mbili zenye jina moja kwenye boksi zinaweza kuwa na kadi tofauti ndani, na ndiyo maana draiva uliyopewa na rafiki mwenye "laptop kama yako" inagoma. Ukiujua mstari huo, huhitaji kukisia.

Shida inayowakwamisha wengi ni kwamba draiva ya Wi-Fi inapatikana mtandaoni, na mtandao wenyewe haupo kwa sababu draiva haipo. Simu ya Android na waya wake wa USB vinatosha kulitatua hilo. Chomeka simu kwenye kompyuta, ingia kwenye mipangilio ya hotspot ya simu na uwashe USB tethering. Windows 10 na 11 zina draiva ya kazi hii tayari, hivyo kompyuta itaiona simu kama waya wa mtandao. Simu yako ikiwa imeunganishwa na Wi-Fi ya ofisini au nyumbani, itapitisha hiyo Wi-Fi na bando halitaguswa. Hakikisha tu waya unapitisha data, kwa maana baadhi ya waya za bei rahisi zinachaji tu na simu haitaonekana kabisa.

Ukiwa unatumia bando, washa Metered connection (inayoiambia Windows ibane matumizi ya data) kwenye mipangilio ya muunganisho huo kabla ya jambo lolote, la sivyo Windows Update itaanza kushusha masasisho mazito na bando la wiki litakwisha ukiwa bado unatafuta sauti. Kumbuka tu kwamba Metered connection huzuia pia Windows kujitafutia draiva, kwa hiyo shusha mwenyewe ya Wi-Fi kutoka tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta. HP na Lenovo wanataka namba ya serial, Dell wanataka Service Tag yenye herufi na tarakimu 7. Kibandiko cha chini kikiwa kimefutika, fungua PowerShell uandike:

(Get-CimInstance Win32_BIOS).SerialNumber

Ukishapata mtandao usio na kikomo, zima Metered, fungua Windows Update, ingia Advanced options, kisha Optional updates, na uangalie sehemu ya Driver updates. Sehemu kubwa ya alama za njano huishia hapo. Zile programu zinazotangaza kukutafutia draiva zote kwa kubofya mara moja tunazikataa waziwazi: huweka draiva isiyofaa, na nyingi huleta matangazo na programu nyingine ambazo hukuziomba.

Mpangilio wa kuweka draiva una maana. Tanguliza za chipset (chipu za ubao mkuu), kisha Serial IO kwa kompyuta za Intel, halafu picha, sauti na mengineyo. Tachipedi ndiyo inayoonyesha sababu vizuri zaidi. Kwenye laptop nyingi za miaka ya karibuni tachipedi haiongei na kompyuta kupitia njia ya zamani ya PS/2, inapitia njia inayoitwa I2C. Draiva ya Serial IO ndiyo inayoifungua njia hiyo. Ukiweka draiva ya tachipedi kabla yake, haitapata kifaa cha kukihudumia. Itaweka mafaili yake, itakuambia imemaliza, na kishale hakitasogea. Tumia mausi ya USB kwa muda, weka Serial IO, zima na uwashe, na tachipedi mara nyingi hufufuka bila kuongezewa kitu. Sauti ina tabia hiyo hiyo kwenye laptop nyingi za Intel: draiva ya Realtek peke yake haitoshi, inahitaji kwanza Intel Smart Sound Technology, na bila hiyo hata maikrofoni haitaonekana.

Skrini ikiwa na maandishi makubwa, mwanga haupungui na projekta haikubali, angalia Display adapters. Ukikuta Microsoft Basic Display Adapter, Windows inatumia draiva ya dharura. Weka ya Intel, AMD au NVIDIA kulingana na namba ya VEN, na matatizo yote matatu yataondoka pamoja.

Tovuti zote zikileta onyo la usalama, au Windows ikikataa kujisasisha, tazama tarehe na saa kabla ya kulaumu mtandao. Windows iliyopigwa kwa mpangilio wa Marekani mara nyingi huachwa kwenye saa za Pacific. Kwa Tanzania, Kenya na Uganda chagua (UTC+03:00) Nairobi. Dar es Salaam haimo kwenye orodha, usihangaike kuitafuta. Kigali, Bujumbura na Lubumbashi ni (UTC+02:00) Harare, Pretoria. Saa ikirudi miaka nyuma kila ukichomoa umeme, betri ya ubao mkuu imekwisha, na kwenye kompyuta nyingi za mezani ni CR2032 ya volti 3. Lakini saa ikikosea kwa saa 3 kamili kila unapotoka Linux (mfumo mwingine uliowekwa pamoja na Windows) kuingia Windows, betri haina kosa. Linux huitunza saa ya ubao kwa UTC (saa ya kimataifa), Windows huisoma kama saa ya hapa. Ndani ya Linux andika:

timedatectl set-local-rtc 1

Folda za diski D zikikuambia huna ruhusa, mafaili hayajapotea. Akaunti yako mpya, hata ikiwa na jina lile lile, kwa Windows ni mtu mwingine. Fungua Command Prompt kwa Run as administrator, na kama folda ni D:\Kazi, andika:

takeown /f D:\Kazi /r /d y
icacls D:\Kazi /grant "%username%":F /t

Diski D ikiomba ufunguo wa tarakimu 48 ni habari nyingine. Hiyo ni BitLocker, kufuli ya Windows inayosimba diski nzima, na amri hizo hazitasaidia kitu. Tafuta ufunguo kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kabla ya kufomati. Bila ufunguo, data haifunguki, na anayekuambia ataifungua kwa malipo anakudanganya.

Windows ikidai haijawa activated (leseni yake haijathibitishwa), linganisha kwanza toleo uliloweka, Home au Pro, na lile kompyuta iliyokuja nalo. Kompyuta nyingi zilizouzwa na Windows 8 au mpya zaidi zina ufunguo ndani ya ubao, na ufunguo wa Home hauwezi kuiwasha Pro. Tena, usiweke zile programu za kuvunja leseni: zinakutaka uzime antivirus kabla ya kuanza, na hiyo pekee inatosha kuzikataa.

Wanunuzi wa laptop za mitumba wajihadhari na jambo moja ambalo hujitokeza baada tu ya kufomati. Unawasha, unaunganisha mtandao, na skrini inakukaribisha kwa jina la kampuni usiyoijua na kudai barua pepe ya kazi. Kompyuta hiyo bado imesajiliwa kwenye Autopilot, mfumo wa Microsoft wa kampuni kusimamia kompyuta zake, kwa jina la mmiliki wa zamani. Usajili uko kwenye seva na umefungwa na ubao wa kompyuta, kwa hiyo kufomati mara kumi hakuondoi kitu. Kampuni hiyo ndiyo inayoweza kuifuta. Irudishe kwa aliyekuuzia.

Na kama umefikia hatua ya kufomati lakini hujabofya bado, ipo kazi ya dakika chache inayokuepusha na mengi ya hayo. Kwenye flashi tengeneza folda inayoitwa Draiva. Kama flashi ni E, fungua Command Prompt kama msimamizi uandike:

dism /online /export-driver /destination:E:\Draiva

Draiva zote zilizoongezwa kwenye Windows ya sasa zitanakiliwa. Baada ya kupiga mpya, zirudishe kwa mkupuo:

pnputil /add-driver E:\Draiva\*.inf /subdirs /install

Kama ulishapiga bila kufomati na kuna folda ya Windows.old (mabaki ya Windows ya zamani) kwenye C, usikimbilie kuifuta ili upate nafasi. Draiva za zamani bado zimo. Kwenye Device Manager chagua Update driver, kisha Browse my computer, uielekeze C:\Windows.old\Windows\System32\DriverStore\FileRepository, uweke tiki kwenye Include subfolders. Fanya hivyo mapema, maana Windows huweza kuifuta folda hiyo yenyewe baada ya siku 10.