Kuhusu kusahau ajali ya mtumbwi kwa makusudi

Dada, umeuliza kama mdogo wako anaweza kujilazimisha kusahau mtumbwi uliozama, maana akipita soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, harufu ya dagaa humrudishia yote. Kufuta kabisa, hapana. Kufifisha, inawezekana.

Asijiambie "nisiwaze mtumbwi". Mwanasaikolojia Wegner alionyesha mwaka 1987 kwamba wazo linalofukuzwa hivyo hurudi baadaye kwa kishindo. Kazi ifanyike kwenye kichocheo chenyewe, yaani kile kinachoamsha kumbukumbu, kama hiyo harufu ya dagaa. Mwaka 2001 watafiti Anderson na Green waliwafundisha watu jozi za maneno, kisha wakawaambia watazame neno la kwanza bila kuruhusu la pili lije akilini. Kadiri walivyorudia, hadi mara 16, ndivyo la pili lilivyozidi kusahaulika.

Kwa hiyo asikwepe Mwaloni moja kwa moja. Anuse dagaa, na picha ikianza tu, ahamie kwenye kumbukumbu nyingine ya harufu ileile aliyoiandaa mapema, tuseme bibi akigeuza dagaa juani. Akianza kuitafuta kumbukumbu hiyo palepale, amechelewa. Na alale vya kutosha. Asiyelala, breki hii ya kuzuia kumbukumbu humlegea.

Ila kama jinamizi na kushtuka vimepita mwezi mmoja, tafadhali asipambane peke yake. Mpeleke hospitali ya Bugando, kitengo cha afya ya akili.